Pesa ya kutokata msitu: hesabu yake na mahali inapokwama

Mkulima wa Kilwa anayefyeka hekta moja ya miombo ili apande ufuta anaijua thamani ya msitu. Anajua pia kwamba udongo mpya una rutuba, magugu huwa machache misimu miwili mitatu ya mwanzo, na ufuta ukifika ghalani unauzwa mnadani na pesa inapatikana mwaka uleule. Msitu ukiachwa usimame, faida yake inatawanyika: maji kwa walio bondeni, asali kwa wachache, hewa ukaa isiyopanda angani kwa dunia nzima. Sehemu inayomfikia yeye haitoshi hata ada ya mtoto mmoja. Miradi ya kuwalipa wakulima na vijiji ili wasikate misitu imekusudiwa kuziba pengo hilo: wanaonufaika wachange, anayejizuia kukata alipwe.

Ugumu uko kwenye kumtambua huyo anayejizuia. Katika kijiji cha watu 1,500, wanaofungua mashamba mapya ndani ya msitu katika mwaka mmoja wanaweza kuwa 20 au 30. Waliobaki hawakuwa na nia ya kukata, au hawana nguvu kazi, au mashamba yao ya zamani yanawatosha. Ukimlipa kila mtu sawasawa, wale 30 wanapata kidogo mno kulinganisha na wanachokosa. Ukiwalipa wale 30 peke yao, umewazawadia wakataji, na mwaka unaofuata watajitokeza 100 wenye nia ya kukata. Karibu kila kasoro ya miradi hii chanzo chake ni hapo.

Mahali ambapo jambo hili limepimwa vizuri kuliko kwingi ni Hoima na Kibaale, magharibi mwa Uganda. Huko misitu mingi iko mikononi mwa watu binafsi, vipande vilivyobaki kando ya vijito na katikati ya mashamba. Kuanzia 2011 hadi 2013, vijiji 121 viligawanywa kwa kura: katika 60, wenye misitu walipewa nafasi ya kuingia mkataba, 61 vilibaki bila mradi ili kuwe na cha kulinganisha. Malipo yalikuwa shilingi za Uganda 70,000 kwa hekta kwa mwaka, karibu dola 28 za wakati ule. Mwenye msitu hakuruhusiwa kuingiza kipande kimoja na kukiacha kingine nje, kwa sababu angelipwa huku akikata kile cha nje. Kuokota kuni zilizoanguka kuliruhusiwa, na hata kukata miti michache iliyokomaa kwa kiwango kilichopangwa. Wakaguzi walifika bila taarifa kutafuta visiki vibichi.

Picha za setilaiti zilipolinganishwa baada ya miaka miwili, vijiji visivyo na mradi vilikuwa vimepoteza asilimia 9.1 ya miti, na vyenye mradi asilimia 4.2. Hilo lilitokea ingawa waliojiunga walikuwa asilimia 32 tu ya waliostahili. Kabla ya hapo, hofu kubwa ya wachumi ilikuwa kwamba watakaojiandikisha ni wale wasiokuwa na mpango wa kukata, wakichukua pesa ya bure. Kwa tofauti hiyo, ni wazi kwamba hata wakataji walijiunga na wakapunguza. Wala hakukuonekana dalili kwamba ukataji ulihamia misitu ya jirani. Matokeo yalichapishwa 2017, na mpaka leo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi kwa wanaosema malipo hufanya kazi.

Ila asilimia 68 hawakujiunga. Baadhi hawakupata habari sawasawa. Wengine walidhani ni mbinu ya kuwanyang'anya ardhi: mtu anakuja na fomu, anataka ramani ya msitu wako na sahihi yako, kisha anasema anakupa pesa usifanye kitu. Kwa mkulima aliyewahi kusikia habari za watu kuhamishwa, tahadhari hiyo ni ya busara. Mradi usiotenga muda wa kutosha kuieleza hati neno kwa neno, kwa lugha ya nyumbani, utakutana na hali hiyohiyo.

Kaboni inavyogeuka shilingi

Uganda ilikuwa na mfadhili aliyelipa bei iliyopangwa kwa hekta. Miradi mingi ya sasa Afrika Mashariki hupata pesa kwa kuuza krediti za kaboni. Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa ambayo haikuingia angani. Tufanye hesabu kwa kijiji cha kubuni, tarakimu za mfano tu, ili ionekane pesa inavyopungua njiani.

Kijiji kina hekta 2,000 za miombo. Takwimu za miaka kumi iliyopita zinaonyesha eneo hilo hupoteza asilimia 1 ya msitu kwa mwaka, yaani hekta 20. Hicho ndicho kiwango rejea: kinachotarajiwa kutokea mradi usipokuwepo. Kila hekta ikifyekwa hutoa, tuseme, tani 100 za hewa ukaa, kwa hiyo hatari ya mwaka ni tani 2,000. Mradi unafanikiwa kuzuia asilimia 60, yaani hekta 12 na tani 1,200. Asilimia 10 inakatwa kwa kudhani kwamba baadhi ya wakataji wamehamia kwingine; zinabaki tani 1,080. Asilimia 20 ya hizo inawekwa kwenye akiba ya tahadhari, isiuzwe, ili moto au uvamizi ukitokea kuwe na cha kufidia. Zinabaki krediti 864. Kwa dola 8 kila moja ni dola 6,912. Gharama za kupima, kukaguliwa na kusajiliwa, pamoja na mgao wa kampuni inayoendesha mradi, zikichukua asilimia 40, kijiji kinapata dola 4,147. Kwa shilingi 2,600 za Tanzania kwa dola, ni kama milioni 10.8.

Gawa kwa watu 1,500 na kila mmoja anapata shilingi 7,200 hivi kwa mwaka. Gawa kwa hekta zote 2,000 na ni shilingi 5,400 kwa hekta. Hapa ndipo wanakijiji hucheka, na wana haki. Lakini gawa kwa zile hekta 12 zilizookolewa, unapata karibu shilingi 900,000 kwa kila hekta ambayo ingefyekwa. Hiyo si pesa ndogo. Inakaribia kushindana na msimu mmoja wa ufuta baada ya kutoa gharama za kulima, kupalilia na kuvuna.

Kwa hiyo malalamiko kwamba "pesa ya kaboni ni kidogo" ni kweli nusu. Pesa ipo, ila imesambazwa kwa wote wakati hasara imewaangukia wachache. Na kuna tofauti ya pili inayosahaulika: hekta iliyookolewa huuzwa mara moja, wakati shamba lingempa mkulima mavuno ya misimu kadhaa. Kijiji kikitaka hesabu isimame, lazima sehemu ya pesa iende kwa makusudi kule ukataji unakotoka: mbegu bora na mbolea kwa wenye mashamba pembezoni mwa msitu, ili wavune zaidi kwenye eneo lilelile wasihitaji kuhama, ajira ya ulinzi kwa vijana waliokuwa wakichoma mkaa, dawati la shule linaweza kungoja mwaka wa pili. Maoni haya hayapendwi mikutanoni, maana zahanati inaonekana na kila mtu na mfuko wa mbolea unaonekana na mmoja.

Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini miradi inayosifiwa zaidi Tanzania iko sehemu zenye ardhi kubwa na watu wachache. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimo kwenye mradi wa milima ya Ntakata wenye zaidi ya hekta 200,000. Mapato yao yamejenga madarasa na zahanati kwa sababu eneo ni kubwa mno kuliko idadi ya watu. Vivyo hivyo Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wanaoishi kwa kuwinda na kuokota: msitu wakiuacha wima hawapotezi riziki yao, wanailinda, na malipo yanakwenda kwa walinzi wa jamii, matibabu na ada. Anayeyachukua mafanikio ya Katavi na kuyaahidi kwa kijiji chenye msitu wa hekta 800 na watu 4,000 anajiandalia ugomvi.

Hati kwanza, kaboni baadaye

Hakuna mnunuzi makini atakayelipia msitu usio na mwenyewe. Tanzania Bara njia iko wazi kuliko nchi nyingi za Afrika, kupitia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002. Kijiji kinaanza na mpaka uliopimwa na kukubaliwa na majirani, kisha cheti cha ardhi ya kijiji. Unafuata mpango wa matumizi ya ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa makazi, hapa msitu. Halmashauri ya kijiji inaunda kamati ya maliasili, msitu unapimwa, unaandikwa mpango wa usimamizi na sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha, na baraza la madiwani la wilaya linaidhinisha. Hapo kijiji kina msitu wa hifadhi wa kijiji na haki ya kubaki na mapato yake. Wahadzabe waliopata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011 walianzia kwenye haki ya ardhi vilevile, kabla ya krediti yoyote kuuzwa.

Hatua inayoharibika zaidi ni mpaka. Kipande cha kilometa mbili kinachobishaniwa na kijiji jirani kinaweza kusimamisha kazi yote kwa miaka, na mkataba wa kaboni ukija juu ya mgogoro huo unauchochea, kwa sababu sasa kuna pesa ya kugombania. Ya pili ni wafugaji. Mpango wa matumizi ya ardhi ukipitishwa wakati wa masika, mifugo ikiwa mbali, wenye mifugo hawapo kwenye mkutano. Wanarudi kiangazi na kukuta njia yao ya maji imefungwa. Watapita hivyo hivyo, na moto wa kuamsha nyasi utapita nao. Mkutano huo ufanyike wakati wote wapo, hata kama ratiba ya mradi inachelewa.

Tangu 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni sehemu ya utaratibu wa usajili. Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023 na kuweka kwamba mradi wa kaboni unaotegemea ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Plan Vivo, mojawapo ya viwango vya ubora ambavyo miradi ya kaboni husajiliwa chini yake, kinachotumiwa na miradi midogo ya kijamii, kinataka angalau asilimia 60. Asilimia hizi zisilinganishwe kwa kutazama namba tu. Swali ni asilimia ya nini: ya pesa yote iliyolipwa na mnunuzi, au ya kilichobaki baada ya kampuni kutoa gharama ambazo kijiji hakizioni?

Watu wanahitaji nguzo na kuni hata hivyo

Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, ina mradi mdogo wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni ya mikoko baada ya kusajiliwa mwaka 2013. Eneo ni hekta 117 tu, na kiasi kinachohesabiwa ni karibu tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Cha kujifunza pale ni mivinje. Ukiwakataza watu boriti za mikoko, hawaachi kujenga; wataenda kukata ghuba ya pili. Basi mradi ukapanda mashamba ya mivinje, mti unaokua haraka, uwape nguzo na kuni badala ya mkoko. Mkataba wa malipo usiojibu swali la "kuni zitatoka wapi kuanzia kesho" haujazuia ukataji; umeuhamisha tu, na mpimaji makini atakata krediti zako kwa sababu hiyo.

Kilosa walilijibu swali hilo kwa namna nyingine, na kwa maoni yetu ni ya ujasiri zaidi. Kati ya 2009 na 2014 vijiji vya Kilosa na Lindi vilikuwa kwenye mradi wa majaribio uliofadhiliwa na Norway na kuendeshwa na shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu. Malipo ya majaribio yalitolewa kwa mwanakijiji mmoja mmoja, wake kwa waume, watoto kupitia wazazi, na vijiji viliamua vyenyewe ni kiasi gani kitengwe kwa mambo ya pamoja. Uwazi ulikuwa wa kiwango cha juu: jina linaitwa, pesa inahesabiwa mbele ya watu. Lakini malipo hayo hayakuendelea baada ya ufadhili kwisha.

Kilichopata mizizi zaidi Kilosa ni mkaa endelevu, uliofadhiliwa na Uswisi. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji inatengwa kwa mkaa na kugawanywa viploti vya mita 50 kwa 50. Huvunwa kimoja na kuachwa cha pili, kama visanduku vya bao la drafti, ili kilichokatwa kizungukwe na miti inayotoa mbegu na kuzuia upepo. Kila kiploti kinapumzishwa miaka 24. Kisiki haking'olewi, kwa sababu miti ya miombo huchipua kutoka humo. Kandokando ya mito hakuguswi. Mchomaji analipa ada kwa kijiji kabla ya kusafirisha, na ada hiyo ndiyo inayolipia doria kwenye sehemu kubwa isiyokatwa. Utaratibu huu hukwama pale mtu anapofuata nyuma ya wachomaji na kupanda mahindi kwenye kiploti kilichovunwa. Machipukizi yakipaliliwa kama magugu miaka miwili, miaka 24 haitarudisha kitu.

Pesa inafika lini

Mti ni benki ya mtu wa kijijini. Mtoto akilazwa Januari, au ada ikidaiwa, hakuna anayekumbuka kwamba mgao wa kaboni utatoka Septemba. Mkataba wa Uganda ulioruhusu miti michache kukatwa kwa kiwango maalumu ulitambua jambo hili. Mikataba inayokataza kila kitu huvunjwa mara ya kwanza dharura inapoingia nyumbani, na aliyevunja mara moja huona hana cha kupoteza akiendelea.

Njia ya bei nafuu ni kuunganisha uhifadhi na vikundi vya kuweka na kukopa. Kigoma na kwingineko kuna COCOBA, vikundi vinavyofanana na VICOBA ila vina sharti la uhifadhi: mwanachama ananunua hisa kila wiki, anakopa kwa riba ya kikundi, na anayekamatwa na kosa la msitu anawajibishwa na wenzake wanaomjua. Mfuko wa jamii wa kikundi hutoa kwa ugonjwa na msiba bila kungoja ripoti ya mkaguzi. Kijiji kinachopata mgao wa kaboni kinaweza kuongezea mtaji wa vikundi hivi badala ya kuweka pesa yote kwenye akaunti ya kijiji ambako inahitaji sahihi nne na safari ya mjini.

Kwa wanaolima kahawa na kakao kuna shinikizo jingine lisilo na malipo ndani yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka bidhaa hizo, pamoja na nyinginezo, zisitoke kwenye ardhi iliyofyekwa misitu baada ya 31 Desemba 2020, na shamba lionyeshwe kwenye ramani: nukta moja kwa shamba dogo, mchoro wa mipaka kwa linalozidi hekta 4. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, ila AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, ambazo zimeanza kuchukua nukta za mashamba ya wanachama hazipotezi muda.

Kabla ya kutia sahihi

Soko la kaboni lilitikiswa vibaya mwaka 2023, watafiti walipoonyesha kwamba miradi mingi ya misitu duniani ilikuwa imekuza kiwango rejea: ilidai msitu ungekwisha haraka kuliko ulivyokuwa ukikwisha kweli katika maeneo yanayofanana, hivyo iliuza tani ambazo hazikuokolewa. Bei zilishuka, na vijiji visivyohusika na udanganyifu huo vikaumia pamoja na wahusika. Kwa hiyo kijiji kiombe kuonyeshwa kiwango rejea kwa hekta za mwaka, kwa lugha nyepesi, na wazee waulizwe kama kinafanana na walichoona kwa macho yao. Kikiwa kikubwa mno leo, kitapunguzwa kesho na mgao utashuka nacho.

Mkataba mmoja unaweza kufunga miaka 20, 30 au zaidi. Usomwe kwenye mkutano mkuu, si kwenye halmashauri peke yake, na nakala ibaki kijijini. Itafutwe sentensi inayosema bei ya chini kabisa ambayo kampuni haitauza chini yake; isipokuwepo, hatari yote ya soko imebebeshwa kijiji. Itafutwe inayotaja tarehe ya malipo na kinachotokea ikipita. Itafutwe inayoeleza nani anabeba hasara msitu ukiungua kwa moto ulioanzia nje ya mpaka. Akiba ya tahadhari iliwekwa kwa ajili hiyo, na kijiji kisikubali kukatwa mara ya pili. Isomwe sehemu ya haki za matumizi: uyoga, dawa, asali, matambiko, kuni zilizoanguka, kila kimoja kwa jina lake, kwa sababu kisichotajwa huja kutafsiriwa na mlinzi aliye getini. Na kampuni ikiuza mradi kwa kampuni nyingine, jambo ambalo hutokea, mkataba useme kama kijiji kina haki ya kukataa mbia mpya au kinapewa taarifa tu.

Mwisho, taarifa ya mauzo. Krediti zikishauzwa na kufutwa, yaani kuondolewa sokoni zisiuzwe tena, huonekana kwenye rejista ya wazi ya kiwango husika mtandaoni, pamoja na idadi na mwaka. Mwalimu au kijana mmoja mwenye simu anaweza kufundishwa kuisoma kwa saa moja, kisha akalinganisha idadi hiyo na ile iliyotajwa kwenye ripoti ya mgao kabla mkutano haujaanza.